Kiganja Mdomoni

Nina picha moja tu ya darasa la nane. Tumepangwa safu tatu mbele ya ukuta wa madarasa, wafupi wamechuchumaa, warefu wamesimama juu ya madawati nyuma, na mimi niko katikati, wa tatu kutoka kushoto. Mpiga picha alihesabu moja, mbili, tatu. Alipofika tatu, mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kupanda. Pichani nina paji la uso, nina macho, nina kola ya shati ambayo Mama aliigeuza upande wa pili ilipochakaa. Kuanzia puani kwenda chini nina kiganja.

Mama aliilipia picha ile shilingi 50. Aliitazama kwa muda mrefu akiwa amesimama mlangoni penye mwanga.

"Sasa hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakohoa, Mama."

Hakuniuliza tena. Aliibandika ukutani kando ya kalenda kwa ugali mbichi, na pale ikakaa mpaka tulipohama.

Nilikuwa na miaka 13. Mkono ule ulikuwa umeanza kupanda wenyewe tangu darasa la nne, na haukupata kutulia mpaka nilipofika kidato cha pili. Nataka kueleza ulivyopanda na ulivyoshuka, kwa sababu siku hizi kila Jumamosi ninakaa na vijana wa Free Area wenye umri niliokuwa nao, na ninaiona mikono yao.

Free Area iko mashariki ya Nakuru, ukitoka mjini kuelekea Nairobi, kabla hujafika Lanet. Tulikaa kwenye ploti ya vyumba 12 vya mabati, safu mbili zinazotazamana, kamba za nguo katikati, vyoo viwili mwishoni na mfereji mmoja. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia: huku kitanda cha Mama, huku godoro letu sisi watoto watatu, jiko na mitungi. Mama alikuwa akifua nguo za watu Section 58, ambako nyumba zina mageti na bustani. Siku ambazo hakuitwa kufua, jioni aliuza sukuma wiki kando ya barabara. Kila kitu tulichokuwa nacho kilisikika na jirani, na kila alichokuwa nacho jirani tulikisikia. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa kama umepona.

Mfereji ulikauka siku nyingi kuliko ulivyotoa maji. Tulinunua maji ya kisima kutoka kwa wenye mikokoteni, mtungi wa lita 20 kwa wakati. Yalikuwa maangavu, baridi, hayana harufu. Mama aliyasifu. Hakuna mtu katika ploti yetu aliyeyashuku, na ndiyo yaliyoyapaka meno yangu rangi.

Meno yangu ya kudumu yalipoota, ya mbele yalikuja na mistari ya rangi ya udongo, na pembeni vidoa vyeupe kama chokaa iliyomwagika. Darasa la nne mvulana mmoja akanipa jina: Turungi. Asiyejua, turungi ni chai isiyo na maziwa, ile inayonywewa maziwa yakikosekana, na katika nyumba kama yetu yalikosekana siku nyingi. Jina lile basi lilikuwa na matusi mawili ndani yake, la meno na la kwetu. Lilishika mara moja. Mwaka haukwisha kabla hata walimu wengine hawajalizoea.

Meno kama yangu si jambo geni Nakuru. Ukikaa kwenye matatu na watu 14, hukosi wawili au watatu wanayo. Darasani kwetu tulikuwa wengi. Lakini mtoto hahesabu wenzake, anahesabu meno yake. Nilijifunza kucheka kwa pua. Nilijifunza kutafuna nikiwa nimeinama. Nilijifunza kujibu maswali kwa maneno mafupi, na swali likihitaji maelezo nilisema sijui, hata nilipojua. Ripoti ya muhula ikaandikwa kwamba mimi ni mtoto mtulivu. Mama alifurahia neno lile.

Niliyasugua kwa majivu. Niliyasugua kwa mkaa uliosagwa na chumvi. Siku moja nikiwa darasa la sita niliyasugua kwa uzi wa chuma wa kusugulia sufuria. Nilikuwa nyuma ya vyoo, nimeegemeza kipande cha kioo kwenye tofali, na nilisugua huku nikihesabu, kwa sababu nilikuwa nimejiambia nikifika 200 yatakuwa meupe. Sikufika 60. Fizi zilianza kutoka damu, damu ikaingia kwenye mistari ile, na kwa dakika chache meno yalionekana mabaya kuliko nilivyowahi kuyaona. Nikasukutua. Yalikuwa vile vile. Ladha ya siku ile bado ninayo ulimini: chuma na sabuni ya vipande.

Hilo ni la meno. Lingine ni la jina.

Januari 2003, nikiwa darasa la tatu, serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Watoto waliokuwa wakiuza karanga barabarani waliingia darasani, idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka chini ya milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7, na sisi tukakaa wanne kwenye dawati la wawili. Ilikuwa heri kubwa, na sitaisema vibaya. Ila karo ilifutwa, pesa ndogo ndogo zikabaki: ya karatasi za mtihani, ya masomo ya ziada, ya mlinzi. Shule yangu ilikuwa na desturi ya kusoma orodha ya wasiolipa kwenye gwaride la Ijumaa asubuhi. Ukisikia jina lako unatoka mstarini, unakwenda kusimama mbele, unawatazama wenzako mpaka orodha iishe. Kisha mnaenda nyumbani kuleta pesa ambazo nyumbani hazipo.

Jina langu lilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Nilikuja kulifikiria hili nikiwa mkubwa: huenda ningekuwa wa kwanza nisingeumia hivyo. Lakini nilipewa dakika kumi nzima za kusubiri. Nilisikia majina yakishuka, yananikaribia, na mwili wangu ukaanza kufanya mambo ambayo sikuutuma. Viganja vilitoka jasho. Tumbo lilinyonga. Pumzi ilikataa kushuka chini ya koo. Na pale mbele, nikitazamwa na watoto 900, mkono ulipanda mdomoni na kukaa.

Baada ya muda mwili ukaacha kungoja Ijumaa. Tumbo lilianza kuninyonga Alhamisi jioni, halafu Jumatano. Mama alisema ni minyoo. Nilimeza dawa ya minyoo mara tatu mwaka ule, na kama minyoo ilikuwapo basi ilikufa yote, lakini tumbo liliendelea. Jirani mmoja alishauri nipelekwe kuombewa, nikapelekwa. Mikono iliwekwa kichwani pangu, watu walilia kwa ajili yangu, na Ijumaa ikafika.

Mmoja tu ndiye aliyekisia. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa bibi kizee tuliyemwita Shosho sote, ambaye alichambua maharagwe nje kila asubuhi. Alinitazama nikirudi kutoka chooni kwa mara ya nne, akamwambia Mama, "Huyu mtoto ana mawazo."

"Mtoto awe na mawazo gani, Shosho? Analipa nyumba?"

Wanawake wote waliokuwa wakifua wakacheka. Mama naye alicheka, na simlaumu. Yeye ndiye aliyelipa nyumba, naye hakuna aliyemuuliza mawazo yake.

Nimelifikiria neno la Shosho miaka mingi. Kiswahili kina wasiwasi, kina hofu, kina woga, lakini mtu wa kwetu akiumwa na hali hii husema ana mawazo, kana kwamba mawazo ni mzigo aliotwishwa. Nilipokuja kusoma kwamba Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na kwamba daktari wao Dixon Chibanda alilichukua neno hilo akalitumia kuwafundisha mabibi wa Harare kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya nje ya zahanati, nilimkumbuka Shosho na ungo wake wa maharagwe. Tulikuwa naye mtaalamu, tukamcheka.

Kisha ukaja mwisho wa Januari 2008. Ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba zilikuwa zimeanza kwingine, na Nakuru ilitulia kwa wiki kadhaa hata tukadhani tumepona. Hatukupona. Sitasimulia niliyoyaona, maana wengine wamekwisha kuyasimulia na wapo waliopoteza zaidi ya mimi. Nchi nzima ilizika watu zaidi ya 1,100. Nitasema moja tu. Usiku wa kwanza wa kafyu, taa imezimwa, Mama alituketisha sakafuni nyuma ya pazia akanong'ona, "Mtu yeyote akiwauliza jina, semeni la kwanza tu. La pili hamlijui. Mmesikia?"

Tangu nizaliwe nilikuwa nimejua kwamba jina langu ni aibu. Usiku ule nikajua linaweza kuua.

Shule zilipofunguliwa tena, mwalimu wa darasa aliita majina kutoka kwenye rejista. Alikuwa akiita jina, kimya, anaita tena, kimya, anaweka alama kwa kalamu na kuendelea. Waliohamia makwao na waliokuwa kambini Uwanja wa Maonyesho wote walikuwa kimya kimoja. Aliponiita mimi nilifungua mdomo, na sauti ikakataa kutoka. Aliweka alama ya kutokuwapo. Nilikuwa nimekaa mbele yake mita mbili.

Mwaka ule ndio niliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na ndio wa picha ile. Baada ya matokeo watu hawakuniuliza tena mimi ni nani, waliniuliza "Ulipata ngapi?" Nilipata 287 kwa 500. Tuliishi na alama za mtihani ule kuanzia 1985 mpaka ulipofanywa kwa mara ya mwisho 2023, na ninawajua watu wazima wenye watoto wao ambao bado wanaitaja alama yao kwa sauti ya chini, kama ugonjwa wa ukoo.

Nilikwenda shule ya sekondari ya kutwa. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeanza kulipia kila mwanafunzi wa sekondari shilingi 10,265 kwa mwaka, na bila pesa hizo ningekuwa Section 58 nikifua na Mama. Chakula cha mchana, sare na vitabu vilibaki juu yetu, kwa hiyo kurudishwa nyumbani nako hakukwisha. Nilikaa nyuma. Nilikuwa mtulivu, kama nilivyokwisha kuandikwa.

Kidato cha pili alikuja mwalimu wa kemia, mwanamke mfupi aliyevaa sweta moja ya kijani mwaka mzima. Somo lilikuwa la elementi za kundi la saba: florini, klorini, bromini, iodini. Aliandika ubaoni, akafuta mikono, akageuka.

"Waliozaliwa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, simameni."

Tulisimama wengi, zaidi ya nusu.

"Sasa nionyesheni meno."

Hakuna aliyesogea. Nilihisi viganja vikilowa. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kufika mahali pake, na nilipotazama pembeni niliona, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba si mkono wangu peke yangu. Mbele yangu msichana aliyekuwa nambari moja darasani alikuwa ameziba mdomo kwa kitabu. Mvulana mrefu wa timu ya mpira alikuwa anameza midomo yake.

Mwalimu alitusubiri. Alipoona hatuko tayari, alitabasamu yeye, tabasamu refu la makusudi. Meno yake yalikuwa na rangi ya udongo kutoka mwanzo hadi mwisho, mabaya kuliko yangu. Alikuwa ametufundisha wiki tatu na sikuwa nimeyaona. Mtu anayeficha meno yake hatazami ya wengine.

"Haya yangu ni ya Njoro," akasema. "Kaeni niwaeleze."

Akatueleza. Bonde la Ufa lilijengwa kwa moto. Menengai, tunayoiona kila siku juu ya mji, ni volkano, na miamba yake ina floridi. Mvua inapozama ardhini inapita katika miamba ile, inakaa humo miaka, inayeyusha floridi, na sisi tunachimba kisima tunaiteka. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya upande wetu vinaupita. Magadi tunayotia kwenye maharagwe na githeri yaive haraka nayo yana floridi. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi, jino linaharibika likiwa bado chini ya ufizi, wakati mtoto ananyonya, anatambaa, anaingia darasa la kwanza. Kufikia miaka minane hivi kazi imekwisha. Jino linachomoza likiwa tayari limepakwa, na rangi imo ndani yake.

"Kwa hiyo mkaa hautoi," akasema, na darasa likashtuka, kwa sababu inaelekea kila mmoja wetu alidhani ni yeye tu aliyewahi kujaribu mkaa. "Hakuna mtu mwenye meno machafu hapa. Kuna watu waliokunywa maji."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kuliko sala. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeambiwa nijiamini na watu wengi mno: wachungaji, walimu wa zamu, wageni waliokuja na fulana na kupiga picha nasi. Jiamini, wewe ni wa thamani, inua kichwa. Walinitakia mema wote. Lakini kujiamini hakuamriwi. Mtoto anayeambiwa ajiamini na hawezi, anapata aibu ya pili juu ya ile ya kwanza: sasa ana meno mabaya na tena hana ujasiri. Mwalimu yule hakuniambia nijiamini. Alinipa sababu. Aibu ilikuwa imekaa kwangu miaka sita kwa kuwa sikujua mwenyewe wake ni nani, na asubuhi ile nilionyeshwa mwenyewe: mlima, mvua, kisima.

Mkono haukushuka siku ile. Wanaosimulia kwamba walipona kwa neno moja sijui wana miili ya namna gani. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa miaka mingi na ulihitaji kufundishwa upya polepole. Aliufundisha kwa kazi. Alinifanya mtunza vifaa vya maabara. Kila kipindi cha vitendo kilipokwisha nilipaswa kusimama mlangoni na daftari, niite jina la kila aliyeazima silinda ya kupimia au kichomeo, aje aniwekee mkononi. Wiki ya kwanza niliita kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. "Paza," alisema bila kuinua kichwa, anasahihisha. Wiki ya pili, paza. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa nikiita majina 40 bila kushika daftari, kwa sababu nilikuwa nimeyakariri, na niligundua jambo ambalo hakuna aliyelisema shuleni kwetu kwenye gwaride la Ijumaa: jina la mtu linaweza kuitwa bila deni. Watu walikuja wakinitazama usoni. Nami nilikuwa nimeshika daftari kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine. Sikuwa na mkono wa kuzibia mdomo.

Sitaki msomaji adhani nasema umaskini unaondolewa kwa maelezo. Sehemu kubwa ya wasiwasi wangu ilikuwa na akili timamu. Mtoto anayeogopa Ijumaa kwa sababu Ijumaa huwa anafukuzwa shuleni hajakosea hesabu. Msichana anayeogopa kurudi nyumbani jioni kupitia kichochoro kisicho na taa, mvulana anayesikiliza kama mwenye ploti amekuja kufunga mlango kwa kufuli lake, hao wanaona sawasawa. Ukiwaita wagonjwa na kuiacha taa bila balbu, umewadhulumu. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wa mpango wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru, ambao wamekuwa wakitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa tanuruni, inasagwa punje punje, maji yanapita humo na floridi inanaswa. Mtu anaweza kufikiri hiyo ni kazi ya maji tu. Kwangu kichujio kile ni kazi ya kumlinda mtoto dhidi ya kiganja chake mwenyewe, miaka kumi kabla hajakihitaji.

Lakini kuna wasiwasi mwingine ambao hubaki hata sababu ikiondoka. Mimi sasa nina kazi, ninalipa nyumba kwa wakati, na mlango ukigongwa kwa nguvu bado tumbo linanyonga. Huo unahitaji mtu wa kukaa nao. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, na ilionekana kwamba zaidi ya 4 kati ya kila 10 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka mmoja. Waganga wa kuwatosha hawapo. Ndipo nikafarijika kuusoma utafiti wa Mkenya mwenzetu Tom Osborn na wenzake, uliochapishwa 2021. Walichukua wanafunzi 413 wa sekondari, Nairobi na Kiambu, waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni nzito. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari majuzi, wakakaa nao katika vikundi vidogo, vikao vinne vya saa moja. Walizungumza juu ya kukua, juu ya shukrani, juu ya yale kila mmoja anayoyathamini. Dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Mradi wao waliuita Shamiri. Nilisoma nikafikiri: kumbe mwalimu wa sweta ya kijani hakuwa na bahati tu, alikuwa na ufundi, na ufundi unafundishika.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne tunakutana, vijana kama 15, ukumbi wa nyuma wa kanisa moja hapa Free Area. Hatuna mengi. Tunaanza kwa kila mmoja kusema jina lake lote, kwa sauti ya kufika ukutani. Wengi hawawezi mara ya kwanza na hatuwalazimishi. Kisha tunaongea juu ya mwili: moyo unakwenda mbio kwa nini, tumbo linanyonga kwa nini, jasho la viganja linatoka wapi. Nawaambia mwili unadhani kuna simba. Hucheka, na baadaye mmoja hukaa kimya akasema wake unadhani hivyo kila anaposikia baba yake akifungua geti. Hapo ndipo saa yetu huanza hasa. Anayehitaji zaidi ya sisi, tunampeleka hospitali sisi wenyewe, hatumpi barua aende peke yake. Na namba 116, ya simu ya bure ya watoto, imeandikwa kwa chaki mlangoni, maana yapo ambayo mtoto hawezi kumwambia mtu anayejua kwao.

Wazazi wengine huniuliza nawafundisha nini. Mama mmoja aliniambia, "Wangu hana shida, ni mtulivu tu." Nilimwomba amruhusu aje.

Mtoto huyo ana miaka 14, yuko gredi ya nane. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 alirudi darasani na barakoa kama watoto wote. Machi 2022 serikali ikaondoa amri ya barakoa, wenzake wakazivua. Yeye hakuvua. Ana mbili za kitambaa cha bluu, moja anaifua usiku moja anaivaa. Hula chakula cha mchana nyuma ya darasa. Mwaka mzima mwalimu wake alidhani ana kifua. Sijamuuliza kilicho nyuma ya barakoa, na hakuna aliyemuuliza. Nilichofanya ni kutabasamu mbele yake, tabasamu refu, nikamwambia haya yangu ni ya Free Area.

Amekuja Jumamosi sita. Tano za kwanza, zamu ilipomfikia alitikisa kichwa na tukaendelea kwa anayefuata. Jumamosi iliyopita alisimama. Alisema jina lake lote, majina matatu, barakoa ikiwa bado usoni, na sisi sote tulimsikia.